Msalaba Usio na Tarehe

Pale Tenke reli hugawanyika. Tawi moja hupanda kaskazini kuelekea Kamina na kuishia Ilebo, kwenye mto Kasai. La pili hushika magharibi, hupita Kolwezi, hufika mpaka wa Dilolo, na ng'ambo ya mpaka huo huwa reli ya Benguela inayoteremka hadi bandari ya Lobito. Njia hiyo iliunganishwa mwaka 1931. Vita vya Angola viliifunga kwa miaka mingi, na shaba ikajifunza barabara nyingine. Leo malori mengi huipeleka kusini kupitia Kasumbalesa, ikiwa mabamba mapana yaliyofungwa pamoja kwa mikanda ya chuma. Hizo ndizo katodi. Ni shaba tupu, karibu asilimia 99.99, na bamba moja halitofautiani na jirani yake. Mnunuzi wa ng'ambo huuliza mambo mawili tu: uzito na usafi.

Kabla ya reli, shaba ya vilima hivi ilisafiri kwa namna nyingine. Ilitoka tanuruni ikiwa pesa tayari.

Pesa hiyo ilikuwa msalaba. Mingine ilifanana na herufi X, mingine na H. Mikubwa ilipita kilo moja, midogo ilienea kiganjani. Verney Lovett Cameron, Mwingereza aliyeondoka Bagamoyo mwaka 1873 akatokea pwani ya Angola mwaka 1875, aliikuta ikipokewa njiani kwa jina la handa. Misalaba ililipa mahari na kodi, ikanunua chumvi, nguo, na hata watu. Chini ya Msiri, mtoto wa mfanyabiashara wa Usumbwa aliyejijengea ufalme Bunkeya, shaba hii ilikwenda mashariki hadi Tabora na pwani ya Waswahili, na magharibi hadi Benguela. Msiri alipigwa risasi Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs, na tangu hapo shaba ya Katanga ikawa na mwenyewe mwingine.

Kaskazini mwa Tenke, kando ya ziwa Kisale, wanaakiolojia walianza mwaka 1957 kufukua makaburi ya kale ya Sanga. Utafiti huo, ulioendelezwa na Mbelgiji Pierre de Maret miaka ya 1970, ulifunua hadithi ndefu ya msalaba. Katika makaburi ya awali yenye misalaba, mara nyingi mna mmoja tu, mkubwa, uliolazwa kifuani mwa marehemu. Karne zikipita, misalaba inapungua ukubwa, inaongezeka idadi na inazidi kufanana, hadi inakutwa imekusanywa karibu na mikono au kiunoni, pale mtu anapofunga kibindo chake. Kitu cha heshima kilikuwa kimeshuka hadhi na kupanda matumizi. Kilikuwa chenji.

Kufanana huko ndiko kulikoifanya iwe pesa. Msalaba wa jana na wa leo ulitoka kwenye umbo lile lile. Uliovunjika uliyeyushwa, ukamiminwa tena. Hakuna aliyeuliza ulimiminwa mwaka gani, maana haukuwa na mahali pa kuandikia mwaka. Aliyeurudia hakumdanganya mtu. Kuurudia ndiko kulikokuwa kazi yake.

Tarehe ilikuja baadaye, tena ilikuja na bunduki. Mnamo 11 Julai 1960, siku kumi na moja baada ya uhuru wa Kongo, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Nchi hiyo, ambayo hakuna taifa lililoitambua rasmi, ilijishonea bendera yenye misalaba mitatu ya shaba, ikaanzisha benki yake kuu, na mwaka 1961 benki hiyo ikatoa sarafu za bronzi za faranga moja na faranga tano. Upande mmoja zilikuwa na ndizi, upande wa pili msalaba. Ile ya faranga tano ilitolewa pia kwa dhahabu: gramu 13.33, sehemu 900 kati ya 1,000 zikiwa dhahabu safi, vipande 20,000.

Gramu kumi na mbili za dhahabu kwa jina la faranga tano! Hakuna mtu aliyewahi kuipeleka dukani kununua mkate. Ilikuwa sarafu ya kabatini tangu siku ya kwanza, nusu akiba ya dhahabu, nusu bango la serikali iliyotaka kuonekana ni serikali. Haikuchukua muda. Januari 1963 Tshombe, akiwa amekimbilia Kolwezi, alikubali kwamba utengano umekwisha, na tarehe 21 ya mwezi huo askari wa Umoja wa Mataifa wakaingia mjini humo. Benki ikafa. Sarafu zake zikabaki bila mama, na leo za dhahabu huzunguka katika minada ya Ulaya na Marekani, zikinunuliwa na watu ambao wengi wao hawatafika Kolwezi maishani.

Chukulia sasa kwamba kiwanda fulani cha sarafu kinatengeneza upya mihuri ile: ndizi zile zile, msalaba ule ule, uzito ule ule, dhahabu ile ile, na chini yake mwaka 1961. Chukulia pia kwamba kimepata kibali cha mwenye mamlaka, kwa hiyo si kazi ya wahuni wa vichochoroni. Je, ni sawa?

Wanaosema ni sawa wana hoja nzito. Dhahabu haizeeki. Gramu kumi na mbili za leo ni gramu kumi na mbili za mwaka 1961, na mnunuzi hapunjwi hata punje moja. Kama watu wanaipenda sura hiyo, kwa nini waachiwe wachache wenye fedha za kushindana mnadani? Tena pengo lisipojazwa na kiwanda halali hujazwa na mghushi. Na huyu mkusanyaji anayelalamika ni nani hasa? Ni mtu aliyenunua uchache, na sasa anataka dunia nzima imlindie uchache wake.

Hoja hizo si ngeni kwa watu wa pwani. Karne ya 19 Zanzibar ilifanya biashara kwa riale, na riale zilikuwa za namna nyingi. Riale ya mzinga ilikuwa ya Kihispania, ile yenye nguzo mbili ambazo machoni pa Waswahili zilikuwa mizinga. Riale ya Sham ilikuwa na picha ya mama mnene wa Kizungu aliyejitanda shela ya mjane: Maria Theresa, mtawala wa Austria. Mama huyo alifariki Novemba 1780. Sarafu yake haikufa. Iliendelea kufuliwa ikiwa na mwaka ule ule wa 1780, kwa kuwa wafanyabiashara wa Uhabeshi, Yemen, Oman na pwani yetu hawakutaka nyingine. Uzito wake ni gramu 28.07, na sehemu 833 kati ya 1,000 ni fedha. Chini ya bega la mama kuna herufi S.F., za Schöbl na Faby, maofisa wawili wa kiwanda cha Günzburg waliozikwa zamani sana. Herufi zao bado zinafuliwa.

Mpokeaji aliikagua sarafu hiyo kama daktari. Alihesabu lulu za kipini kilichobana shela. Alipitisha kidole ukingoni kuyahisi maandishi yaliyowekwa ili mtu asiipunguze kwa tupa. Ukimletea sarafu ya mfalme aliye hai, yenye mwaka wa kweli, alikurudishia. Sultani Barghash mwenyewe alijaribu: mwaka 1299 Hijria, yaani 1882, alitoa riale yake kwa jina lake na kwa maandishi ya Kiarabu. Haikuweza kumwondoa mama wa Austria. Leo riale ya Barghash ni adimu na ghali, ilhali ya Maria Theresa, iliyofuliwa mamia ya mamilioni, hupatikana kwa bei isiyopanda mbali juu ya fedha iliyomo.

Kioja ni kwamba Austria yenyewe iliacha kuitambua sarafu hiyo kama pesa halali mwaka 1858, lakini haikuacha kuifua. Mwaka 1935 Mussolini, akijiandaa kuivamia Uhabeshi, alipata mihuri kutoka Vienna ili awe na pesa ambayo watu wa nchi hiyo wangeikubali. Waingereza nao hawakutaka kukosa riale za kufanyia biashara Arabuni. London ikaanza kuzifua mwaka 1936, na baadaye Bombay ikafua pia. Dola zilizokuwa karibu kupigana zilikuwa zikimfua mama mmoja, mwaka mmoja, herufi zile zile mbili. Vienna inaendelea kumfua hadi leo.

Je, huo ni uongo? Kwa mkulima wa kahawa wa Harar, au kwa mchukuzi wa Zanzibar aliyelipwa riale moja, tarakimu 1780 hazikuwa mwaka. Zilikuwa alama ya uzito. Zilisema: hii ni ile ile uliyoizoea. Kubadilisha mwaka kungekuwa kuvunja ahadi. Mwaka mpya ungemwambia mtu kwamba huenda fedha nayo imepunguzwa. Basi palikuwa na ukweli ndani ya tarehe isiyo ya kweli, na aliyeufahamu ukweli huo zaidi alikuwa yule anayeipokea sarafu, asiyeweza kusoma Kilatini hata neno moja.

Kwa mkusanyaji, tarakimu zile zile husema lugha nyingine kabisa. Humwambia: tulikuwa wangapi, tulizaliwa lini, mikononi mwa nani, wakati wa tukio gani. Riale ya Sham ilikuwa mashahidi mamilioni wanaosema jambo moja. Sarafu ya Katanga ni mashahidi elfu ishirini, na thamani ya ushahidi wao iko katika kwamba walikuwapo.

Matatizo huanza pale kiwanda kinapofua kwa lugha ya kwanza na mnunuzi akasoma kwa lugha ya pili.

Mfano wa wazi ni Sovereign, paundi ya dhahabu ya Waingereza. Katika miaka ya 1949, 1951 na 1952 kiwanda cha kifalme cha London kilifua paundi hizo zikiwa na sura ya Mfalme George wa Tano na mwaka 1925. Mfalme huyo alikuwa amekufa tangu 1936. Aliyekuwa kitini ni mwanawe, George wa Sita, na kabla ya mwaka 1952 kwisha kiti kilikuwa cha binti wa George huyo wa Sita, Elizabeth. Vipande hivyo vilipindukia 880,000. Leo mtu akishika paundi ya mwaka 1925, jicho la kawaida halitamwambia kama ilitoka kiwandani siku za George wa Tano au miaka kumi na mitatu na zaidi baada ya mazishi yake. Dhahabu yote imo. Kilichokosekana ni uaminifu wa ile namba.

Ufaransa ilifanya vivyo hivyo kati ya 1951 na 1960, ikafua mamilioni ya faranga ishirini za dhahabu zenye picha ya jogoo na miaka ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Meksiko ilifua peso hamsini za dhahabu za "1947" hadi miaka ya 1970. Austria bado huuza dukati za "1915" zenye picha ya Franz Joseph, aliyefariki 1916, ila yenyewe haifichi: kila mfanyabiashara wa dhahabu anajua kwamba hizo ni za kufuliwa upya, na bei huenda na uzito. Uwazi huo hupunguza ubaya. Haujibu swali la mtu wa miaka mia mbili ijayo atakayeikuta dukati moja chini ya udongo, peke yake, bila karatasi ya maelezo.

Miaka ile ile London ilipokuwa ikifua paundi za "1925", mjini Milan palikuwa na mtu aliyefua paundi za Kiingereza kwa faida yake. Zake zilikuwa na dhahabu kamili, wala hakumpunja mtu. Alipokuwa Uswisi ikatakiwa akabidhiwe, mahakama ya juu ya nchi hiyo ilikataa, kwa hoja kwamba paundi hizo hazikuwa tena pesa inayotumika. Serikali ilikuwa ikifua sarafu za mwaka wa uongo, huku mtu binafsi akisakwa kwa kufua sarafu za uongo zenye dhahabu ya kweli. Mwaka 1957 London ilianza tena kufua Sovereign kwa wingi, safari hii zikiwa na sura ya Elizabeth wa Pili na mwaka wa kweli, na hilo lilikuwa jibu bora kuliko kesi yoyote.

Hizo ni sarafu za dola zilizosimama. Katanga haikusimama, na jamaa yake wa karibu si Sovereign. Jamaa yake yuko Tabora.

Barabara ya shaba ya Msiri ilipita Tabora, na mwaka 1916 mji huo ulikuwa makao ya Wajerumani waliozingirwa. Manowari za Kiingereza zilikuwa zimefunga bahari. Pesa kutoka Berlin hazikufika. Katika karakana ya reli ya Tabora wakafua sarafu kwa walichokuwa nacho. Za heleri tano na ishirini walizifua kwa shaba na maganda ya risasi. Dhahabu waliitoa machimbo ya Sekenke, wakafua rupia kumi na tano: upande mmoja tai wa dola ya Kijerumani, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, mwaka 1916 na herufi T. Mihuri ilichongwa na sonara kutoka Ceylon. Vipande 16,198 vilifuliwa, dhahabu sehemu 750 kati ya 1,000. Tarehe 19 Septemba mwaka huo huo Tabora ilianguka mikononi mwa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji chini ya Charles Tombeur. Wanajeshi wenyewe walikuwa Wakongo, na nyuma yao maelfu ya wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa kwenye chuma chochote.

Sasa mtazame tembo huyo. Dhahabu yake si safi sana. Mchongo wake una ukali wa mkono uliofanya haraka. Kila kasoro aliyonayo inasema kwamba alifuliwa na watu waliokuwa wakisikiliza mizinga. Kiwanda cha kisasa kinaweza kumtoa tembo laini, anayeng'aa, wa dhahabu 999, mwenye "1916" na "T" yake, na nakala za namna hiyo zipo kwa wingi. Zote husema kama mtu aliyekuwa Tabora mwaka ule. Hakuna hata moja iliyokuwa huko.

Kuna atakayesema kwamba haya ni matatizo ya matajiri. Mchimbaji wa mikono anayebeba gunia la madini kwenda kuuza Musompo, karibu na Kolwezi, hana shida na mizio ya wakusanyaji wa Brussels. Kweli hana. Lakini ushahidi unaoharibiwa si wa Brussels. Nchi hii imebadilishiwa majina mara nyingi kupita kiasi. Katanga iliitwa Shaba kuanzia 1971, jina la Kiswahili la madini yake, kana kwamba nchi ni ghala. Ikarudi kuwa Katanga mwaka 1997. Mwaka 2015 ikakatwa vipande vinne, na Tenke ikajikuta Lualaba. Pesa nayo ilibadilika: faranga, kisha zaire na makuta mwaka 1967, kisha zaire mpya, kisha faranga tena mwaka 1998. Watu wa Kolwezi bado husema hawana makuta, ingawa kijana anayesema hivyo hajawahi kuiona sarafu yenyewe. Mdomo umeendelea kuifua baada ya kiwanda kuacha. Mahali ambapo karatasi hupotea na majina huhama, kipande cha chuma chenye mwaka wa kweli ni moja ya nyaraka chache zisizoungua.

Mwaka 1961 hasa si mwaka wa mapambo. Januari 17 ya mwaka huo Patrice Lumumba, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, alishushwa kwenye ndege Élisabethville akiwa amefungwa, na usiku ule ule wakauawa porini, katika ardhi ya Katanga, mbele ya wakubwa wa Katanga. Sarafu ya ndizi na msalaba ni ya mwaka huo na ya serikali hiyo. Anayeishika ya asili anashika kitu kilichokuwapo, na anaweza kukichukia au kukitunza kama wanavyotunzwa mashahidi wabaya. Anayefua mpya yenye mwaka ule anatenda jambo jingine: anaifanya serikali ile itoe amri mara ya pili, miaka mingi baada ya kuvunjwa, ili apate faida ya dhahabu.

Tena kibali angekipata kwa nani? Benki ya Katanga haipo. Mrithi kisheria ni Banque Centrale du Congo ya Kinshasa, ambayo ina kiwanda chake cha kuchapa noti. Ni vigumu kuiwazia ikitia sahihi chini ya bendera iliyoasi. Lakini si vigumu kuwazia kampuni ya nje ikiomba jina la Kongo kwa mkataba. Hilo limetokea mara nyingi: sarafu za kumbukumbu zenye jina la nchi hii na picha za meli, wanyama na Papa Yohane Paulo wa Pili zilitolewa kwa ajili ya makabati ya wageni, na nyingi hazijaonekana katika soko lolote la Kongo.

Njia ya kurudia bila kudanganya ipo, na mojawapo ya mifano yake ilitendeka hapa hapa Katanga. Wayeke, watu wa Msiri, waliofua shaba waliitwa walaji wa shaba, kwa kuwa ndiyo iliyowalisha. Kazi yao ilikuwa ya kiangazi, baada ya mavuno. Waliokota jiwe la kijani, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakavukuta makaa, na kuzunguka kazi yote hiyo palikuwa na miiko na dawa za mzee aliyekuwa bwana wa moto. Utawala wa kikoloni na kampuni ya Union Minière, iliyoundwa 1906, viliikomesha. Katika miaka ya 1920 wazee waliokuwa bado wanakumbuka waliirudia kazi hiyo mbele ya Jean-Félix de Hemptinne, mmisionari aliyekuja kuwa askofu wa Élisabethville, naye akaandika maelezo yake mwaka 1926. Kila aliyekuwapo alijua kwamba ule ni moto wa pili. Misalaba iliyotoka siku hiyo haikudai kuwa ya enzi za Msiri. Ilikuwa misalaba ya wazee waliokumbuka, na ukweli huo ulikuwa na uzito wake.

Wamarekani, kwa upande wao, walijifunza kwa kukosea. Kiwanda chao kilifua dola zenye mwaka 1804 katika miaka ya 1830, na baadhi ya maofisa wake wakafua nyingine kwa siri mwishoni mwa miaka ya 1850 ili wawape wakusanyaji. Zinazojulikana leo ni chache sana, na fedheha yake imeandikiwa vitabu. Mwaka 2021 kiwanda hicho hicho kilipotaka kuirudisha dola ya Morgan, iliyofuliwa mara ya mwisho mwaka 1921, kilirudisha sura, kikaacha mwaka. Juu yake imeandikwa 2021. Watu waliigombania vilevile, na wenye za zamani hawakupoteza kitu.

Kwa kipimo hicho Kongo inaweza kuuweka msalaba kwenye dhahabu wakati wowote ipendao, nao ungependeza. Msalaba haukuwa mali ya Tshombe. Aliuazima kutoka makaburi ya Sanga na matanuru ya walaji wa shaba, na waliolala Sanga hawakujua Katanga ni nini. Umbo ni la wote walioumimina. Sarafu ya namna hiyo ingekuwa na mwaka wa kufuliwa kwake, bila ndizi, na mtoto wa Tenke angeweza kuisoma bila kuhitaji mwanahistoria wa kumwonya.

Mjini Lubumbashi mafundi bado huiuza misalaba ya shaba kwa wageni, pamoja na picha za shaba ya kugongwa na mawe ya malakiti yaliyosuguliwa. Mingine imepakwa na kuchomwa ili ionekane ya kale. Mgeni akiuliza kama ni ya zamani, jibu hutegemea muuzaji, na bei hufuata jibu. Hapo pia msalaba haujaandikwa mwaka, lakini sasa anayeupokea anautafuta, jambo ambalo hakuna mpokeaji wa handa aliyelifanya siku za Cameron.

Na katodi zinaendelea kuondoka Tenke. Sehemu ya shaba ya dunia huishia kwenye sarafu, hata zile za dhahabu: Krugerrand ya Afrika Kusini, iliyoanza 1967, ina sehemu moja ya shaba kwa kila sehemu kumi na moja za dhahabu, na wekundu wake hutokana na shaba hiyo. Sovereign nayo ni hivyo hivyo. Mwenye nayo anajua mwaka wa dhahabu yake, kwa sababu umeandikwa. Shaba iliyomo ndani, ambayo huenda ilitoka kilima chochote, hakuna anayeiulizia ilichimbwa lini wala na nani.